Namna ya kuwasoma Wagiriki wa kale bila kumezwa na sifa zao

Hawa watu utakutana nao kila mahali. Posti ya motisha ya asubuhi ina nukuu ya Socrates, jamaa wa jimu kavaa tisheti yenye kofia ya chuma ya Sparta, mji wa Kigiriki uliosifika kwa askari wake, mwanasiasa akitaka kuonekana kasoma anakwambia demokrasia ilizaliwa Athens, na ukifungua kitabu cha historia ya sanaa unapokelewa na sanamu nyeupe ya kijana mwenye kifua kilichochongeka. Ukijumlisha vyote hivyo unabaki na picha ya watu fulani weupe, watulivu, wenye akili kuliko binadamu wengine wote, wamekaa chini ya nguzo za marumaru wanagundua kila kitu peke yao. Sasa hiyo picha kwa sehemu kubwa haikutoka kwa Wagiriki wenyewe. Imetengenezwa Ulaya, kati ya mwaka 1750 na 1900 hivi, na walioitengeneza walikuwa na mambo yao ya wakati huo wanayoyataka. Naandika hapa namna ya kuitambua na kuivua, kwa sababu naamini kabisa ina madhara, na zaidi kwetu sisi ambao kwenye picha hiyo tumewekwa mwisho wa foleni.

Silaha yako ya kwanza ni swali moja tu. Ukisikia sifa yoyote ya Wagiriki usikimbilie kuuliza ni kweli au ni uongo, hilo litakuja baadaye, uliza kwanza hii sifa ilianza kutolewa lini na aliyeitoa alikuwa anatafuta nini. Utashangaa jinsi sifa nyingi zinazotajwa kuwa za miaka 2500 zilivyo na miaka 200 tu.

Anza na sanamu, maana hapo ndo mambo yako wazi. Kulikuwa na Mjerumani mmoja anaitwa Johann Joachim Winckelmann, mtoto wa fundi viatu, mwaka 1755 akatoa kijitabu kinachosema uzuri wa sanaa ya Kigiriki uko kwenye usahili wenye heshima na ukuu uliotulia, na kwamba njia pekee ya sisi wa leo kuwa wakubwa ni kuwaiga watu wa kale. Ulaya ikampokea kwa mikono miwili. Lakini Winckelmann hakuwahi kukanyaga Ugiriki mpaka anakufa mwaka 1768. Alichokiona alikiona Roma, kwenye majumba ya makadinali na makusanyo ya Vatikani, na mengi ya hayo ni nakala zilizochongwa enzi za Warumi. Ile Apollo Belvedere, sanamu ya mungu Apollo, aliyoisifia kupita maelezo nayo inachukuliwa kuwa nakala ya enzi hizo hizo. Na zote zilikuwa nyeupe kwa sababu zimefukiwa au zimenyeshewa karne na karne mpaka rangi ikaisha, nyingine zikasuguliwa na waliozifukua.

Ndio, rangi. Zilipakwa rangi, na si kidogo: nyekundu, njano ya udongo, kijani, bluu ile waliyoijua Wamisri, midomo imepakwa, macho yamechorwa, nguo zina marembo kama kanga. Wagiriki wenyewe wanalisema hili bila hata kujisumbua kulieleza. Euripides kwenye tamthilia yake ya Helen ya mwaka 412 KK anamfanya Helen, yule mrembo wa hadithi zao, atamani sura yake ingefutika kama picha inavyofutwa kwenye sanamu, na watu waliokaa pale kuangalia walimwelewa, kwa sababu kwao sanamu isiyo na rangi ilikuwa ni kitu kilichoharibika. Pliny, mwandishi wa Kirumi, naye anaeleza kwamba mchongaji Praxiteles alipoulizwa anazipenda zaidi sanamu zake zipi, akajibu zile alizozipaka rangi mchoraji Nikias. Halafu wakaja watafiti wa siku hizi, akina Vinzenz Brinkmann na Ulrike Koch-Brinkmann, wakazimulika sanamu kwa miale ya urujuanimno na kwa taa za kuangaza kutoka ubavuni, michoro ikaonekana, wakatengeneza nakala zenye rangi na kuzionyesha Munich kuanzia mwaka 2003.

Cha kufanya wewe ni hiki. Ingia mtandaoni tafuta sanamu ya binti anayeitwa Phrasikleia, au yule mpiga mishale wa hekalu la Aphaia kisiwani Aegina, weka picha ya marumaru tupu na ile iliyorudishiwa rangi upande kwa upande, kisha sikiliza moyo wako unasema nini. Wengi wanasema imekuwa ya kishamba, imekuwa kama mdoli. Simama hapo hapo. Hiyo hisia hukuzaliwa nayo, umefundishwa, umefundishwa kwamba weupe ndo utulivu na rangi ndo ushamba, na aliyekufundisha kapitia kwenye mstari unaorudi kwa Winckelmann. Ukipata bahati ya kwenda makumbusho angalia kwenye mikunjo ya nguo, nyuma ya sikio, kwenye mizizi ya nywele, huko mvua haikufika na mabaki ya rangi mara nyingine yapo. Na ukiwa British Museum mbele ya sanamu za Parthenon, hekalu maarufu la Athens, ujue kwamba miaka ya 1937 na 1938 baadhi yake zilikwanguliwa kwa vyuma na kusuguliwa kwa unga mkali ili zionekane nyeupe zaidi, wakati ukumbi mpya uliolipiwa na Lord Duveen unaandaliwa. Marumaru ile ikizeeka inageuka rangi ya asali. Rangi ya asali haikuwa Ugiriki waliyoitaka, wakaikwangua.

Mtu anaweza kusema sawa, ni mawe tu, inanihusu nini. Inakuhusu sana. Karne hiyo hiyo ya 18 daktari Mholanzi Petrus Camper alipima pembe ya uso, yaani mstari kutoka kwenye meno hadi kwenye paji, akapanga vichwa kwa nyuzi: sanamu ya Kigiriki juu kabisa, nyuzi 100, kisha Mzungu, kisha chini zaidi Mwafrika, nyuzi 70, halafu nyani. Camper mwenyewe aliamini binadamu wote wana asili moja, lakini michoro yake ikachukuliwa na watu wengine wenye nia nyingine kabisa. Mwaka 1854 Marekani, wakati utumwa bado upo, Josiah Nott na George Gliddon wakachapisha kitabu chenye mchoro wa vichwa vitatu, juu Apollo Belvedere, katikati Mwafrika, chini sokwe. Angalia vizuri kilichowekwa pale juu. Hakikuwekwa kichwa cha mtu! Kimewekwa kichwa cha jiwe, nakala iliyochujuka rangi, na mtu aliye hai akapimwa kwa hilo jiwe akaambiwa amepungukiwa. Mimi nikiona leo filta za simu zinazochongoa pua na kung'arisha ngozi, siwezi kuzitenganisha na kile kipimo. Kwa hiyo mtoto wako akiuliza kwa nini sanamu za zamani ni nyeupe usimjibu kwa mkato, mwambie rangi ilitoka, umwonyeshe picha.

Kwenye nukuu kazi ni nyepesi. Socrates hakuacha maandishi yoyote, tunachokijua tunakijua kupitia wanafunzi wake Plato na Xenophon na wengine, kwa hiyo nukuu yake isiyotaja imetoka kwenye kitabu gani cha nani iweke pembeni kwanza. Ile ya vijana wa siku hizi wanapenda anasa na hawaheshimu wazee, inayosambazwa kila mwaka kwa jina la Socrates, chanzo chake ni mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, kazi yake ilichapishwa mwaka 1907. Ile ya sisi ni kile tunachokirudia kila siku kwa hiyo ubora ni mazoea, inayopewa mwanafalsafa Aristotle, ni sentensi ya mwandishi Mmarekani Will Durant ya mwaka 1926 akiwa anamfafanua Aristotle. Na madaktari, "kwanza usidhuru" haimo kwenye kiapo cha Hippocrates kwa maneno hayo. Dakika 5 za kutafuta zinatosha, na ukikuta nukuu inafanana mno na malalamiko ya leo ongeza mashaka.

Sasa demokrasia, hapa tukae kidogo kwa sababu ndo inayotumika kutufundishia adabu.

Athens kweli walifanya jambo kubwa. Kuanzia mageuzi ya Cleisthenes mwaka 508 KK raia wa kawaida, mkulima, fundi, mpiga makasia, aliingia kwenye mkutano mkuu akasema na kupiga kura juu ya vita na kodi. Sitaki kulipunguza hilo. Lakini kaa na orodha ya wasioingia: wanawake wote, watumwa wote, na wakazi wageni ambao waliweza kuishi pale maisha yao yote na wakalipa kodi na kupigana vita bila kuwa raia. Aristotle mwenyewe, kazaliwa Stagira, alikuwa mgeni Athens. Mwaka 451 KK, kwa pendekezo la kiongozi wao Pericles, wakakaza zaidi, raia lazima baba na mama wote wawe Waathene. Fedha ya mji ilichimbwa Laurion na watumwa. Na mwaka 416 KK hiyo hiyo Athens ya demokrasia ilikwenda kisiwa cha Melos, wakawaambia watu wajisalimishe, walipokataa wakawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto. Mwanahistoria Thucydides, ambaye ni Mwathene, ndo kaandika.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba kwa karne nyingi Ulaya haikuisifia demokrasia ya Athens hata kidogo, iliitoa kama mfano wa fujo. Waasisi wa Marekani ambao leo wanachorwa kama wajukuu wa Pericles waliiogopa. James Madison aliandika mwaka 1788 kwamba hata kama kila raia wa Athens angekuwa Socrates, bado mkutano wao ungekuwa kundi la wahuni. Sifa ikapanda karne ya 19, na mtu mmoja aliyesukuma sana ni George Grote, mwenye benki na mbunge wa London aliyekuwa akipigania kura ya siri Uingereza, akaandika historia ya Ugiriki juzuu 12 kati ya 1846 na 1856. Grote alikuwa msomi wa kweli, nakubali, lakini alikuwa na kesi ya kushinda nyumbani kwake na Athens ilikuwa shahidi wake.

Kwa hiyo mtu akikwambia demokrasia ni zawadi ya Wagiriki, muulize ipi. Waathene viongozi wao wengi waliwapata kwa bahati nasibu, lile baraza la watu 500 lilichaguliwa hivyo, mwaka mmoja mmoja, na mtu haruhusiwi zaidi ya mara mbili maishani. Aristotle anaeleza kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu ndo kulionekana ni demokrasia, na kugawa kwa uchaguzi ndo kulionekana ni utawala wa wachache. Yaani huyo Aristotle ukimleta leo ukamwonyesha uchaguzi wa wabunge, mabango, wafadhili, misafara ya magari, halafu watu haohao wanarudi bungeni miaka 20, sidhani kama angeita demokrasia. Ukilijua hili unaacha kuona aibu kwamba sisi ni wanafunzi wabaya wa darasa la Athens, kwa sababu hata anayejiita mwalimu hakuwahi kulikaa hilo darasa.

Na Aristotle huyohuyo ndo aliyeandika kwamba kuna watu ni watumwa kwa asili. Mwaka 1550 huko Valladolid, Hispania, Juan Ginés de Sepúlveda akalitumia hilo kubishana na Bartolomé de las Casas kwamba kuwapiga na kuwatawala wenyeji wa Amerika ni haki, na baadaye watetezi wa utumwa kusini mwa Marekani wakalitumia tena. Hapo ndo unaona gharama ya kumfanya mtu asikosolewe. Aristotle aliyechunguza samaki na kuku na kuandika juu ya mantiki alikuwa na jicho la ajabu, lakini heshima ya yale ikabeba na huu uchafu ukapita mlangoni bila kukaguliwa.

Sparta nitaipitia haraka. Waliotuachia habari zake karibu wote si Wasparta: Xenophon ni Mwathene, mwandishi Plutarch ni wa Chaeronea na aliishi zaidi ya karne 5 baada ya Thermopylae, yale mapigano maarufu ya Wasparta dhidi ya Waajemi. Pale Thermopylae mwaka 480 KK hawakuwa Wasparta 300 peke yao, walikuwepo Wagiriki maelfu, na siku ya mwisho walibaki pia watu 700 wa Thespiae wakafa nao, ila hao hawana tisheti. Na ule muda wote wa kufanya mazoezi ulitoka wapi? Kulikuwa na maheloti, watu waliotawaliwa kama watumwa, wakilima ili Msparta asilime, na mfumo mzima wa mji uliendeshwa kwa hofu ya kwamba wataasi. Januari 1943 Hermann Göring, mkubwa wa Wanazi, aliwahutubia askari wa Kijerumani waliokuwa wanakwisha Stalingrad akiwafananisha na wale wa Thermopylae. Fanya mazoezi ndugu yangu, jenga mwili, ila ujue nembo uliyovaa.

Kwenye riadha kuna kitu kinachotugusa moja kwa moja, na huwa nasikia wachambuzi wanakirudia vibaya. Marathoni haikuwahi kukimbiwa kwenye mashindano ya Olympia ya kale. Mbio zao ndefu kuliko zote hazikufika kilomita 5. Mwanahistoria Herodotus anasema mkimbiaji alitumwa kutoka Athens kwenda Sparta kuomba msaada kabla ya vita vya Marathon, habari ya mtu aliyekimbia kutoka Marathon na kufa akitangaza ushindi inatokea kwa waandishi wa miaka zaidi ya 500 baadaye. Aliyependekeza mbio yenyewe ni Mfaransa Michel Bréal, ikakimbiwa mara ya kwanza mwaka 1896, na zile kilomita 42.195 zilitoka kwenye njia ya London mwaka 1908. Kwa hiyo mbio ambazo Wakenya na Waethiopia wamezifanya zao ni za kisasa kabisa, hakuna aliyekuja nazo kutoka kwa mababu wa Ulaya. Mbio za mwenge nazo, zile za kuutoa Olympia, zilianza na Berlin 1936 chini ya Wanazi.

Kubwa zaidi ni ile sheria ya zamani kwamba mwanariadha wa Olimpiki asipokee pesa, eti kama Wagiriki walivyoshindania taji la majani tu. Taji la majani lilikuwepo pale Olympia, ndio, lakini mshindi akirudi kwao analipwa. Plutarch anasema sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athens, ilimpa Mwathene aliyeshinda Olympia drakma 500, na kwenye mashindano ya Athens wenyewe walitoa mitungi kwa mitungi ya mafuta. Sheria ya kutopokea pesa ilitokana na mabwana wa Uingereza wasiotaka kushindana na wafanyakazi, kwenye mashindano ya makasia ya Henley mwaka 1879 waliandika kabisa kwamba anayefanya kazi ya mikono haruhusiwi. Aliyeumia ni mtu kama Jim Thorpe, Mmarekani wa asili, alishinda medali 2 za dhahabu Stockholm 1912, mwaka uliofuata akanyang'anywa kwa sababu aliwahi kulipwa pesa kidogo kucheza besiboli. Alikufa 1953 bila kurudishiwa. Familia ilipewa medali mwaka 1983, na jina lake kutambuliwa kama mshindi pekee ni mwaka 2022. Mkimbiaji wa Eldoret au Mbulu anayelisha familia kwa pesa za mbio yuko karibu na Wagiriki wa kweli kuliko wale mabwana.

Kuna mtego wa upande wa pili na huu unatunasa sisi zaidi. Mtu akishachoka na sifa anageuza, anasema Wagiriki hawakufanya lolote, waliiba kila kitu Misri. Hisia naielewa, hata mimi inanigusa, lakini tumia swali lilelile. Kuna dai linazunguka kwamba Aristotle alipora vitabu kwenye maktaba ya Alexandria. Mji wa Alexandria ulianzishwa mwaka 331 KK, Aristotle kafa 322 KK, na maktaba ilijengwa na akina Ptolemy, wafalme wa Misri, baada ya hapo. Limeisha. Ukibaki kwenye yenye ushahidi bado unayo mengi na mazito: herufi zao walizipata kwa Wafoinike na Herodotus anakiri wazi, sanamu zao za mwanzo za vijana waliosimama mguu wa kushoto mbele zinafuata mtindo wa Misri, na hesabu inayobeba jina la Pythagoras ipo kwenye vibao vya udongo vya Babeli zaidi ya miaka 1000 kabla yake. Halafu mbele, karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq kule Baghdad anatafsiri vitabu vya daktari Mgiriki Galen, na karne ya 12 Ibn Rushd wa Cordoba anamfafanua Aristotle mpaka Ulaya inajifunza kupitia kwake. Hicho ndo kinachovunja hadithi ya watu waliogundua kila kitu peke yao, na hakihitaji wizi wa kubuni.

Usiwasahau pia Wagiriki walio hai, kwa sababu hata wao hii sifa imewatesa. Parthenon ilikuwa kanisa kwa karibu miaka 1000, kisha msikiti, lakini baada ya uhuru wa Ugiriki majengo yote ya zama hizo pale juu ya kilima chake yakavunjwa ili ibaki karne ya 5 KK tupu, mnara wa mwisho ulibomolewa 1875. Mwaka 1830 Jakob Fallmerayer, Mjerumani, aliandika kwamba kwenye mishipa ya Wagiriki wa leo hakuna hata tone la damu ya wale wa kale, yaani watu wakaambiwa kwenye nchi yao kwamba hawafanani vya kutosha na mababu waliotungiwa Ujerumani. Mgogoro wa madeni ulipokuja mwaka 2010 jarida moja la Kijerumani likaweka sanamu maarufu ya Kigiriki ya Venus ikitoa ishara ya matusi ya kidole kwenye jalada. Wazee wa Tanga na Arusha wanawajua Wagiriki wa mashamba ya katani na kahawa, wakulima na wafanyabiashara, wenye hasira zao na madeni yao, na huo ni ufahamu mzuri kuliko ule wa sanamu.

Ukitaka kuanza kusoma, usianze na Plato. Tafuta ile Periplus ya bahari ya Erythraea, yaani mwongozo wa safari za baharini, ya karne ya 1 baada ya Kristo, kaiandika mfanyabiashara wa Misri anayeandika Kigiriki cha sokoni, fupi, unaimaliza jioni moja. Anafika mpaka pwani yetu, anaiita Azania, anataja Rhapta na mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu, magamba ya kasa, mikuki inayoletwa kutoka Muza kule Yemen, shoka na visu, na manahodha Waarabu waliooa huku na kuijua lugha. Hasemi watu wa hapa ni wa chini, anahesabu bidhaa na upepo, na anasema divai na ngano huletwa kwa ajili ya kupata urafiki wa wenyeji. Baada ya hapo soma Herodotus kitabu cha pili chote kuhusu Misri, kisha Thucydides pale Melos, halafu ndo uende kwa Plato, umsome ukibishana naye.